Kisu Kidogo cha Mkulima na Namna ya Kukichukua



Mwezi huu sitakuandikia habari za mbolea wala za dawa ya kupe. Nataka tujifunze jambo dogo, nalo ni kisu. Labda utacheka na kusema, "Karani huyu amekosa la kuandika. Nani asiyekuwa na kisu nyumbani kwake?" Lakini angalia neno ulilotumia: nyumbani. Kisu kiko jikoni, na wewe uko malishoni.

Nitakuambia kwa nini naandika. Miaka tisa iliyopita, siku ya Jumamosi, nilikwenda kumtembelea mama yangu katika shamba lake la makazi. Shamba lake ni kama mengi yaliyogawanywa tangu mwaka 1962, ulipoanza mpango wa Eka Milioni Moja: nyumba iko juu karibu na barabara, na malisho yako chini kabisa karibu na mto. Tuliteremka kumtazama mtamba wake mwenye mimba ya miezi saba. Tukamkuta amejizungushia kamba mguu wa nyuma, ameanguka kwenye mteremko, na kitanzi kimemkaza shingoni, macho yamemtoka.

Nilikuwa nimevaa shati jeupe na mfukoni nilikuwa na kalamu mbili. Kisu sikuwa nacho. Nilijaribu kulifungua fundo kwa vidole, lakini kamba ya nailoni iliyokazwa na uzito wa ng'ombe haifunguki. Nikajaribu kwa meno. Mama alipanda mbio mpaka nyumbani, na mama yangu si kijana. Aliporudi na panga, mtamba alikuwa amekwisha kufa. Mkopo wa ushirika aliomnunulia ulikuwa bado, akaulipa miezi kumi na minne zaidi kwa ng'ombe asiyekuwapo. Hakunilaumu hata neno moja, na hilo lilinichoma kuliko lawama.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta njia ya kuwa na kisu kila saa ya kazi bila kisu chenyewe kuwa taabu. Usidhani ni jambo rahisi. Watu wengi huanza kwa bidii, wakabeba kisu juma moja, kisha wakakiacha, kwa maana kilikuwa kikiwachoma, au kinaanguka, au kinararua nguo. Kisu kinachosumbua hakibebwi siku nyingi. Basi kazi yetu leo ni kutafuta raha pamoja na usalama.

Kwanza, ni kisu gani? Ubapa wa inchi 3 au 3 na nusu watosha. Mkubwa kuliko huo hugonga paja unapotembea, na kazi yake hufanywa vizuri zaidi na panga. Mpini ujaze kiganja, tena uwe na rangi ya kuonekana. Mimi nimepaka wangu rangi nyekundu, kwa kuwa visu viwili vya kwanza vilipotelea katika majani.

Wengine hupenda kisu cha kukunja. Ni kizuri kwa mfuko, lakini mara nyingi hutaka mikono miwili kukifungua, na siku ya hatari mkono mmoja umeshika kamba. Tena matope na makapi huingia katika bawaba yake. Ukichagua cha namna hiyo, hakikisha kina kizuizi cha kuushika ubapa, usije ukajifunga juu ya vidole vyako. Kwa kazi ya mifugo nasimama upande wa kisu kisichokunjwa, chenye ala.

Jambo jingine litakushangaza: isugue ncha ya kisu juu ya jiwe mpaka iwe mviringo. Mkulima hutumia makali mara mia kabla ya kutumia ncha mara moja. Mnyama anayepigapiga kichwa akiwa amenaswa, ncha kali karibu na shingo yake ni hatari kwake na kwako. Najua utauliza, "Na ng'ombe akivimba tumbo kwa kula majani mabichi, nitamtoboa kwa nini?" Ile ni kazi ya chombo chake maalum, yaani sindano nene yenye bomba, na ni kazi ya daktari wa mifugo au mtu aliyefundishwa naye. Mwite mapema. Usifanye kisu cha mfukoni kuwa daktari.

Sasa tuje kwenye mahali pa kukivaa, maana hapa ndipo nilipopata makovu yangu.

Nilianza kwa kukitia kisu mfukoni mwa suruali kikiwa kimefungwa kwa karatasi. Siku ya tatu niliinama kuokota ndoo, karatasi ikakatika, na paja langu likakatika pia. Kisha nikakitia ndani ya buti la mpira. Humo huteleza mpaka kwenye kifundo cha mguu, na ukipiga magoti hukipati. Nikakichomeka nyuma ya mshipi katikati ya mgongo, nikaona ni raha kweli kutembea nacho, mpaka nilipoteleza katika matope ya zizi nikaangukia mgongo. Kama si ile ala, nisingeandika somo hili. Sehemu ile ya uti wa mgongo usiweke kitu kigumu. Upande wa mbele karibu na kitovu nao haufai kwa mtu anayelima kwa jembe au anayekamua, kwa maana kila unapoinama mpini hukusukuma tumboni.

Mahali palipo bora ni upande wa mkono unaoutumia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Hapo mkono huangukia wenyewe, na ukiinama mpini hauchomi mbavu. Ukitumia mkono wa kushoto, vaa kushoto, wala usione haya.

Lakini iko siri moja zaidi. Usiifunge ala juu kabisa kwenye mshipi. Ifanyie kitanzi kirefu cha inchi 2 au 3, ili ining'inie chini ya mshipi na kulala juu ya paja. Unapochuchumaa kukamua, ala huinuka pamoja na paja. Unapoketi juu ya kigoda au katika trekta, hugeuka upande badala ya kukusukuma. Nilipoongeza kitanzi hicho nilisahau kwamba nimevaa kisu. Hicho ndicho kipimo cha raha.

Wako wanaokivaa shingoni kwa kamba. Njia hii yafaa kwa mtu anayechuma au kufunga mboga kitaluni, lakini kwa mifugo naikataa, kwa sababu pembe ikiingia katika kamba hiyo utavutwa wewe. Ikiwa huna budi, tumia uzi mwembamba ambao utakatika ukivutwa kwa nguvu.

Akina mama wameniambia, na ni haki yao, kwamba masomo ya namna hii huandikwa kama kwamba kila mkulima ana suruali na mshipi. Mama anayevaa gauni na leso hana mahali pa kitanzi. Nimeona njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kushona ala ndani ya mfuko wa aproni ya kazi, ikazwe kwa nyuzi chini na pande zote mbili, ili kisu kisimame wima na ala isitoke pamoja nacho. Ya pili ni utepe mpana wa kitambaa kigumu uliofungwa kiunoni juu ya gauni na chini ya leso, na ala imeshonwa kwenye utepe. Mwenye mtoto mgongoni akivae upande wa mbele wa nyonga, si ubavuni, kwa maana mikono ya mtoto hufika mbali kuliko tudhaniavyo. Kikapu si mahali pa kisu. Kikapu hubaki mwisho wa mstari wa viazi, na wewe uko mwanzo wake.

Jambo hili la kuvaa kisu si geni katika nchi yetu. Wamaasai huvaa sime kiunoni katika ala ya ngozi iliyotiwa rangi nyekundu. Wachungaji wa Turkana walikuwa na kisu cha ajabu zaidi: duara la chuma linalovaliwa kwenye kifundo cha mkono kama bangili, makali yakiwa upande wa nje, yamefunikwa kwa ukanda wa ngozi. Mtu akitaka kukata huuvua ule ukanda tu. Sikushauri ununue bangili hiyo, lakini ona walivyoelewa kwamba kifuniko ni nusu ya kisu.

Basi tutengeneze ala. Huna haja ya fundi wa ngozi. Chukua shingo ya buti la mpira lililochakaa, ulioshe na kulikausha. Laza kisu juu ya mpira, kata kipande ambacho upana wake ni mara mbili ya upana wa kisu na inchi moja zaidi, kisha kikunje katikati. Upande utakaoelekea makali, tia katikati ya kuta mbili ukanda mwembamba wa mpira ule ule, ndipo ushone zote tatu pamoja. Ukanda huu wa kati usiuache hata ukiwa na haraka. Bila huo makali yatakata nyuzi kidogo kidogo, na siku moja kisu kitatokea ubavuni mwa ala na kukuingia. Toboa matundu kwa msumari uliopashwa moto, na ushone kwa uzi wa magunia uliopakwa nta. Chini kabisa acha tundu dogo la kutolea maji.

Urefu wa ala ni jambo la maana. Watu wa Finland, nchi ya baridi kaskazini mwa Ulaya, wana kisu cha kazi kiitwacho puukko, na ala yake humeza zaidi ya nusu ya mpini. Haina kifungo wala kishikizo, mpini hushikwa kwa kubanwa tu. Fanya hivyo. Kisha igeuze ala kichwa chini na kuitikisa kwa nguvu. Kisu kikianguka, shona upya karibu zaidi. Kisipotoka kwa mkono uliolowa maziwa, funga kikamba cha ngozi mwishoni mwa mpini ili upate pa kuvutia. Ala ya ngozi nayo ni nzuri, ila ikilowa hukaa na maji muda mrefu na chuma hushika kutu. Siku za mvua itoe kisu humo usiku, ukipanguse na kukipaka mafuta kidogo ya kupikia.

Ukiwa na kisu kila saa utakitumia kwa kila kitu, na hapo ndipo madhara mapya huingia. Mnyauko wa viazi hukaa ndani ya kiazi kinachoonekana kizima, na kisu kilichokata kiazi kimoja kigonjwa hupeleka ugonjwa katika vingine. Kwa hiyo panda mbegu nzima. Mnyauko wa migomba, ulioonekana Uganda mwaka 2001 na kisha ukaingia sehemu za magharibi za nchi yetu, husafiri kwa njia hiyo hiyo ya visu na mapanga. Ukikata mgomba, kichovye kisu katika dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, sehemu moja ya dawa kwa tano za maji, kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kisha kioshe, ukikaushe na kukipaka mafuta, maana dawa hiyo hula chuma. Na kisu kilichochonga kwato kisikate kitovu cha ndama mpaka kichemshwe.

Juu ya kukata kamba ya mnyama aliyenaswa, nakusihi ujizoeze kabla ya siku yenyewe. Kata karibu na kigingi, si karibu na shingo, ikiwa kamba iliyokazika ndiyo inayofika kwenye kigingi. Simama upande wa mgongo wa mnyama, elekeza makali mbali nawe, na uwe tayari kuruka nyuma, kwa sababu akisikia kamba imelegea huinuka bila kuuliza. Kitanzi kikibaki shingoni kimekaza, pitisha vidole viwili kati ya kamba na ngozi, ukate ukielekea nje.

Nimesema kila saa ya kazi. Sikusema kila mahali. Sheria ya nchi yetu inakataza mtu kuwa na silaha mahali pa watu wote bila sababu ya haki, na ni wewe utakayetakiwa kuieleza sababu hiyo mbele ya askari. Shambani sababu yako inaonekana. Katika baraza la chifu, katika basi, sokoni jioni, au mahali pa pombe, haionekani. Piga msumari ukutani nyuma ya mlango, juu kuliko mikono ya watoto, na kila unapovua nguo za kazi tundika hapo mshipi pamoja na kisu chake. Mimi nilikisahau kiunoni siku moja nikaingia nacho katika mkutano wa kugawa maji ya bomba, ambapo majirani wawili walikuwa na ugomvi wa mpaka. Nikaona watu wanatazama kiuno changu badala ya daftari langu. Nilitoka, nikakiacha kwa mama muuza chai aliye ng'ambo ya barabara, nikarudi.

Hii ndiyo kazi ya nyumbani. Tengeneza ala juma hili. Kisha vaa kisu siku saba mfululizo za kazi, na kila jioni uandike mambo mawili: ni mara ngapi ulikitumia, na ni wapi kilikuumiza au kukusumbua. Mahali palipokuumiza ndipo pa kubadili, labda kitanzi kirefushwe, labda upande ugeuzwe. Siku ya nane mletee Bwana Shamba karatasi yako atakapopita, naye atatufikishia ofisini. Mama yangu alifanya hesabu hiyo mwaka jana. Alikitumia kisu chake mara arobaini na moja kwa juma, zaidi kwa kamba za marobota ya nyasi, mara moja kwa mwiba, na mara moja kwa mbuzi wa jirani.