Chotara wa spanieli chini ya Uluguru: masikio, kupe na majirani

Kama unatafuta mbwa wa kumtimua mwizi, ndugu msomaji, makala hii haikuhusu. Mbwa ninayemzungumzia akimwona mwizi anaruka ukuta atatikisa mkia, atamlamba mkono, na akibembelezwa kidogo atamwonesha runinga ilipo. Ni chotara wa spanieli mdogo, mbwa aliyezalishwa ili akae na mtu. Ulaya, Marekani na Australia wamejaa tele. Cavalier King Charles Spaniel akipandishwa na Poodle, watoto huitwa Cavapoo, na Waaustralia wao husema Cavoodle. Akipandishwa na Bichon Frise wanakuwa Cavachon. Cocker Spaniel naye na Poodle huzaa Cockapoo, mkongwe wa ukoo mzima, ambaye Wamarekani wanaye tangu katikati ya karne iliyopita. Hapa Morogoro mjini ninaowafahamu ni wa kuhesabu: wengine wameletwa kutoka Dar es Salaam, wengine wameachwa na wageni waliomaliza mikataba yao.

Wangu anaitwa Kashata. Mama yake Cavalier, baba Poodle mdogo. Nilimpokea kwa familia iliyokuwa inafungasha kurudi kwao. Tunaishi Bigwa, milima ya Uluguru ikiwa nyuma ya nyumba. Maelekezo mengi ya kumtunza mbwa wa aina hii yameandikwa kwa watu wa nchi za theluji, na ukiyafuata yalivyo huku kwetu utamzika mapema.

Nianze na kumpata, maana hapo ndipo pesa inapoliwa. Muuzaji atakuapia kwamba mbwa huyu hamwagi manyoya, haleti mzio, na kwa kuwa ni chotara haugui. Hilo la manyoya ni bahati nasibu: watoto wa tumbo moja, huyu kachukua singa za kujisokota za Poodle, yule kachukua manyoya laini ya spanieli yanayodondoka kwenye kochi mwaka mzima. La mzio si kweli. Kinachowasumbua wenye mzio kimo kwenye mate na mba za ngozi, na hakuna mbwa asiye na mate wala ngozi. La afya lina ukweli nusu. Kuchanganya damu hupunguza baadhi ya maradhi ya kurithi, lakini Cavalier ana ugonjwa wa valvu ya moyo, ndio unaowaua wengi wao, na mama mwenye moyo mbovu anaweza kumwachia mtoto hata kama baba ni Poodle mzima kabisa. Wapo pia wenye fuvu dogo kuliko ubongo, wanaoishi na maumivu ya shingo. Mambo yalifika hadi mahakamani: mwaka 2022 mahakama ya Oslo, Norway, iliona kuwa kuzalisha Cavalier kunavunja sheria yao ya ustawi wa wanyama.

Kwa hiyo usinunue picha ya WhatsApp. Dai kumwona mama, na ikiwezekana daktari wa mifugo amsikilize moyo. Mtoto asiondoke kwa mama yake kabla ya wiki 8, na aje na kadi ya chanjo yenye mhuri. Muuzaji anayekwepa kukuonesha mama, halafu anataka utume nusu ya hela pamoja na ya kutolea, mwachie mbwa wake.

Mwangalie pua pia. Spanieli wadogo wa Kiingereza walikuwa wamezalishwa kwa ajili ya pua fupi mpaka nyuso zikabonyea. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Roswell Eldridge, akatangaza zawadi ya pauni 25 kwenye maonesho ya Crufts kwa atakayeleta spanieli wa mtindo wa zamani, mwenye pua ndefu. Hapo ndipo alipotokea Cavalier wa leo. Sisi wa Morogoro tuna haki ya kumshukuru mzee yule, kwa sababu mbwa hatoi jasho kama mtu; hujipoza kwa kuhema, na kuhema kunataka pua na koo vyenye nafasi. Mtoto anayekoroma akiwa macho, Desemba ya huku itamshinda.

Joto lenyewe linapangiwa ratiba. Kuanzia Novemba hadi Februari tunatoka alfajiri, saa 12, na hatutoki tena mpaka jua lizame. Kabla ya kumshusha kwenye lami weka mgongo wa mkono wako chini uhesabu taratibu mpaka saba. Ukishindwa wewe, na yeye ameshindwa. Akianza kuhema kwa fujo, ulimi mwekundu sana, miguu inayumba, mmwagie maji ya bomba ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha bajaji moja kwa moja kwa daktari. Usimfunike taulo bichi ukamwacha nalo, maana litageuka kuwa blanketi.

Na wala usidhani dawa ya joto ni kumnyoa kipara. Ngozi yake haijazoea jua la hapa. Mimi namwachia manyoya ya urefu wa kama pingili moja ya kidole, nanyoa zaidi tumboni, kinenani, chini ya masikio na katikati ya vidole. Mashine ya kawaida ya kinyozi inafanya kazi hiyo vizuri, ila nunua ya kwake. Wateja wa saluni hawatafurahi wakijua.

Sasa tufike kwenye masikio, ambayo ndiyo yanayoamua kama unamfaa mbwa huyu au humfai. Sikio la spanieli limelala, limefunika tundu, na ndani ya tundu hilo manyoya ya Poodle huota kama majani ya kisimani. Joto lipo, unyevu upo. Kuvu anataka nini tena? Msimu wa masika, Machi hadi Mei, usipokagua hata kwa siku chache utalijua kwa harufu. Kila jioni namlaza Kashata ubavu mapajani, naligeuza sikio nje ndani, nalinusa. Ndiyo, nalinusa. Sikio zima halina harufu ya maana. Likinuka kama hamira au maziwa yaliyoganda, likawa jekundu, likatoa nta ya kahawia, au mbwa akawa anatikisa kichwa na kulikwaruza, ni la daktari. Kusafisha, natumia pamba iliyoloweshwa dawa maalumu ya masikio ya mbwa, nafuta pale kidole kinapofika, basi. Vijiti vya pamba husukuma uchafu ndani. Spiriti huchoma. Akitoka kuoga au kunyeshewa, masikio hukaushwa kabla ya kitu kingine chochote.

Ukimaliza masikio, mikono iendelee. Chini ya kwapa, nyuma ya shingo, kati ya vidole, chini ya mkia: hapo unatafuta kupe na kishona nguo. Njia zote za Bigwa zimejaa kishona nguo, na zile mbegu zake zenye meno zikiingia kwenye manyoya ya kujisokota zinafunga fundo ambalo kesho utalikata kwa mkasi. Kitana cha chuma chenye meno mapana kwanza, kisha cha meno membamba, kuanzia ncha kwenda kwenye ngozi. Kuna majani yenye mashuke makali kama sindano yanayopenya kabisa katikati ya vidole. Mbwa akiulamba mguu mmoja bila kuuacha, fungua vidole uangalie.

Kupe ndiye adui mkubwa. Kupe wa kahawia wa mbwa anaishi ndani ya nyumba, anapanda ukuta, anataga maelfu ya mayai kwenye nyufa, na anabeba vijidudu vinavyoharibu damu. Mbwa mwenye manyoya mafupi, kupe unamwona kwa macho. Huyu wetu unamgusa tu kwa vidole, saa nyingine ameshavimba kama punje ya njegere. Mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta wima bila kukamua. Kila asubuhi mfunue mbwa mdomo uangalie ufizi: ukiwa mweupe, au mkojo ukawa wa rangi ya chai, au damu ikatoka puani, usisubiri kesho.

Hapa kuna tabia moja ya kwetu lazima niiseme. Watu hununua dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye duka la mifugo, wanakadiria kwa kifuniko cha soda, wanamwogesha mbwa. Mbwa wa kilo 7 si ng'ombe. Dozi ikizidi anatetemeka, analegea, anaweza kufa. Na baadhi ya dawa hizo, paka wa nyumbani akilalia tu manyoya ya mbwa yakiwa mabichi, anakufa yeye. Nenda na uzito wa mbwa wako kwa daktari, akupe dawa ya mbwa.

Matandiko yake piga pasi. Yule nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa, anayetufanya tupige pasi hata soksi, anampenda mbwa kuliko anavyotupenda sisi. Ukiona kijipu chenye tundu katikati, ndani yake kuna funza anapumua. Mpake mafuta mazito ya kujipaka, azibwe pumzi, halafu umkamue polepole atoke mzima.

Kwenye matibabu, wakazi wa Morogoro tuna bahati ambayo mikoa mingi haina. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichoanzishwa 1984, ndicho kinachofundisha madaktari wa mifugo wa nchi hii, na kina hospitali ya wanyama palepale. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mara nyingi kunakuwa na kampeni za chanjo. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa kikishaonesha dalili hakina tiba.

Moyo unaweza kuupima mwenyewe nyumbani bila shilingi. Mbwa akiwa amelala fofofo, hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika moja. Chini ya 30, vizuri. Ikizidi 30 usiku baada ya usiku, andika namba zako umpelekee daktari; atakushukuru.

Chakula hakina siri: ugali wa dona kidogo, mapupu au dagaa waliochemshwa bila chumvi, mboga. Asipewe masalia ya pilau, kitunguu na kitunguu saumu ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Chokoleti, hapana. Na zile zabibu za Dodoma zinazouzwa stendi ya Msamvu, kula mwenyewe; zinaua figo za mbwa.

Kuhusu majirani. Majirani zangu wengi ni Waislamu, na kwao mate ya mbwa ni najisi ambayo chombo chake huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa kawaida wa mtaani hukaa mbali na watu, shida haipo. Huyu wa kwetu anakimbilia kila mtu amlambe! Kwa hiyo mbwa anafungwa kwanza, geti linafunguliwa baadaye. Njiani yuko kwenye kamba fupi, hapiti mbele ya msikiti watu wanapoingia kuswali, hafiki bombani wala kwenye ndoo za watu. Bibi wa nyumba ya pili nikimwamkia shikamoo, hunijibu, "Marahaba mwanangu, mvute huyo mdudu wako nipite," navuta, anapita, na mchicha ananiuzia. Ujirani unataka hivyo tu.

Milimani nampeleka, hasa kiangazi cha Juni hadi Agosti, njia ya kupanda Morningside, asubuhi kukiwa na ubaridi. Kamba haitoki, maana mashambani kuna kuku na mbuzi wa watu. Na hatuingii Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaohusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani, uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Mbwa wangu amechanjwa distempa, lakini msitu ule hauhitaji mbwa.

La mwisho ndilo gumu zaidi kwa watu wenye kazi. Mila yetu ni mbwa afungiwe bandani mchana, afunguliwe usiku alinde. Ukimfanyia hivyo chotara wa spanieli atalia mchana kutwa, ataguguna mlango, atajilamba miguu mpaka itoke vidonda. Lazima nyumba iwe na mtu. Nyumba isiyo na mtu kuanzia asubuhi mpaka jioni haifai kuwa na mbwa huyu, hata kama bei yake unaimudu.

Wengi hunipigia kuulizia watoto wa Kashata. Hawapo na hawatakuwepo, ameshafungwa kizazi. Mitaa ya Kihonda na Mazimbu ina watoto wa mbwa wa kienyeji kila msimu, wenye masikio yaliyosimama na manyoya mafupi, nao wakikaa na mtu wanampenda vilevile. Mchukue mmoja, na wiki hiyo hiyo mpeleke akachanjwe.