Ufahamu na Ufupisho: Mwokoaji wa Majini

Utangulizi

Mtahiniwa, katika ufahamu alama nyingi hazipotei kwa sababu kifungu ni kigumu. Hupotea kwa sababu msomaji anajibu anachokijua yeye badala ya kilichoandikwa. Kifungu kifuatacho nilikiandaa kwanza kwa wanafunzi wa hapa Msalato, Dodoma, tulio mbali na ziwa na bahari. Kinahusu tukio ambalo huenda umekwisha kulisikia redioni au mitandaoni, kwa hiyo kitakupima vizuri. Kisome mara mbili: kwanza upate wazo kuu, kisha urudie baada ya kusoma maswali.

Kifungu cha habari

1. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikiwa karibu kutua Bukoba. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndani yake walikuwamo watu 43. Miongoni mwa waliowahi kufika hapo walikuwa wavuvi, na mmoja wao alikuwa kijana aitwaye Majaliwa Jackson.

2. Majaliwa alisimulia kuwa yeye na wenzake watatu waliiendea ndege haraka, akatumia kasia kuuvunja mlango wa nyuma, na abiria wa upande huo wakaanza kutoka. Kisha akapiga mbizi hadi mbele, akawasiliana kwa ishara na rubani kupitia kioo. Rubani alimwonyesha mlango wa dharura. Majaliwa akaufunga kamba ili uvutwe kwa mashua, lakini kamba ikakatika, ikampiga usoni, akapoteza fahamu. Alizindukia hospitalini. Watu 24 walinusurika. 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili.

3. Siku iliyofuata, wakati wa kuaga miili katika uwanja wa Kaitaba, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza agizo la Rais Samia Suluhu Hassan kwamba kijana huyo aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mvuvi akafunguliwa njia ya kuufanya uokoaji kuwa kazi.

4. Katika nchi nyingine kazi hiyo ina historia ndefu. Tarehe 12 Februari 1983, meli ya makaa ya mawe iitwayo Marine Electric ilizama mbali kidogo na pwani ya Virginia, Marekani. Helikopta ya walinzi wa pwani ilifika na kushusha kikapu cha kuwapandishia mabaharia, lakini baridi ya maji ilikuwa imewamaliza nguvu, hawakuweza kuingia. Ikabidi iitwe helikopta ya Jeshi la Wanamaji iliyokuwa na mwogeleaji wa kuokoa. Kati ya mabaharia 34, walipona 3 tu. Mwaka 1984 Bunge la nchi hiyo liliagiza walinzi wa pwani nao waandae waogeleaji wa aina hiyo: watu wanaoshuka majini kutoka kwenye helikopta, wakamshika aliyeishiwa nguvu na kumwandaa ili avutwe juu.

5. Virginia chombo kilitangulia kufika, akakosekana mtu wa kuingia majini. Bukoba mtu aliingia majini, akiwa na kasia na kamba. Ushujaa wake ulimfikisha mlangoni; kuufungua mlango ule kulihitaji vifaa na mafunzo. Nchi inayowasifu mashujaa wake haijamaliza deni mpaka iwape kamba isiyokatika.

Maswali

(a) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (i) akapiga mbizi (ii) alizindukia.
(b) Kwa nini kikapu kilichoshushwa Virginia hakikuwasaidia mabaharia?
(c) Je, mwandishi angekubaliana na methali "Penye nia pana njia"? Toa sababu kutoka kwenye kifungu.
(d) Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyopungua 30 na yasiyozidi 40.

Majibu na ufafanuzi

(a) (i) Alizama na kuogelea chini ya maji kwa makusudi. (ii) Alipata fahamu tena akiwa mahali fulani. Angalia mnyambuliko: zinduka, zindukia. Kauli ya kutendea hapa inaonyesha mahali. Ukiandika "aliamka" tu, umeacha sehemu ya maana.

(b) Kwa sababu baridi ya maji ilikuwa imewamaliza nguvu, wakashindwa kuingia. Wapo wanaojibu "helikopta ilichelewa" au "kikapu kilikuwa kidogo". Majibu hayo yanaweza kuonekana ya busara, lakini kifungu hakisemi hivyo.

(c) Angekubali kwa sehemu tu. Nia ya Majaliwa iliwafikia abiria wa nyuma, lakini mbele kamba ilikatika na marubani wakafariki. Kwa mwandishi, nia bila vifaa na mafunzo haitoshi. Swali la namna hii halitaki "ndiyo" au "hapana" pekee. Alama ziko kwenye sababu.

(d) Majaliwa alisimulia kuwa alivunja mlango wa nyuma kwa kasia, abiria wakaanza kutoka. Alipojaribu kuwaokoa marubani, kamba aliyofunga kwenye mlango wa dharura ilikatika, ikampiga, akapoteza fahamu. Watu 24 walinusurika. 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. (Maneno 34)

Tazama neno "alisimulia". Limebaki kwa sababu mambo ya mlangoni yametoka kinywani mwake, si kinywani mwako. Ukiliondoa, unageuka shahidi wa jambo ambalo hukuliona. Kosa kubwa zaidi ni kuandika "Majaliwa aliokoa watu 24". Kifungu kinasema watu 24 walinusurika. Hakisemi kila mmoja aliokolewa na nani. Kwa sentensi hiyo moja umemwongezea kijana sifa ambayo kifungu hakikumpa, na umewafuta wenzake watatu waliokwenda naye. Ufupisho hupunguza maneno. Hauongezi jambo wala haubadili ukweli wa aliyehusika.

Zoezi la kujipima

Dodoma ni nchi kame, lakini wakati wa mvua makorongo hujaa ghafla na kuwakuta wanafunzi njiani. Mwandikie barua rasmi mtendaji wa kata yenu ukipendekeza vifaa viwili na mafunzo ya aina moja ambayo yangewasaidia watakaokuwa wa kwanza kufika mtu anaposombwa na maji. Kila pendekezo lifuatwe na sababu. Katika sababu mojawapo, tumia funzo ulilopata kwenye aya ya tano, kwa maneno yako mwenyewe.