Utoto wa Mwandishi Katika Riwaya Zake: Mfano wa Ngũgĩ wa Thiong'o

Mwalimu anapofundisha hadithi, wanafunzi hupenda kumwuliza: "Je, mambo haya yalitokea kweli?" Katika makala haya tutaonyesha jinsi swali hilo linavyoweza kuzaa somo zima. Mfano wetu ni Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025).

Ngũgĩ alizaliwa Limuru, nchini Kenya. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mwezi Oktoba 1952, alikuwa bado kijana mdogo. Kaka yake aliingia msituni kupigana; mama yake alikamatwa na kuteswa; ndugu yake wa baba mmoja, aliyekuwa kiziwi, alipigwa risasi kwa kutoisikia amri ya kusimama. Mwaka 1955, aliporudi likizo kutoka shule ya Alliance, alikuta maskani yao yamebomolewa.

Mambo hayo tunayakuta katika riwaya zake, lakini si kama yalivyokuwa. Katika A Grain of Wheat (1967), kiziwi Gitogo anauawa kwa risasi. Mwandishi amemfanya kuwa mwana wa pekee wa mama mzee, ili tuuone pia upweke wa aliyebaki. Katika Weep Not, Child (1964), Njoroge anateswa na masomo yake yanakatika, ilhali Ngũgĩ mwenyewe aliendelea hadi Makerere. Msiba uliompitia kando, amemtwika mhusika wake. Utoto humpa mwandishi udongo; chungu hukifinyanga mwenyewe.

Kwa darasa la saba, tunapendekeza hatua hizi:

1. Mwalimu asimulie kwa ufupi maisha ya mwandishi, kisha kisa cha Njoroge.
2. Wanafunzi, katika vikundi, waorodheshe yanayofanana na yaliyobadilishwa.
3. Kila kikundi kieleze mabadiliko hayo yanamfanya msomaji ahisi nini.
4. Kila mwanafunzi atunge kisa kifupi chenye mhusika wa kubuni.

Hatua ya mwisho inahitaji busara. Huenda darasani wamo watoto waliokimbia vita. Mwalimu asimlazimishe mtoto kusimulia aliyoyaona. Mhusika wa kubuni humpa mtoto huyo njia ya kusema bila kujianika. Na mtoto akiandika habari za Juma aliyechomewa nyumba, mwalimu asimwulize mbele ya wenzake kama Juma ndiye yeye. Amwulize: "Je, Juma alifanya nini baadaye?"