Feza kidogo, mahitaji mengi: namna ya kupima kila elfu moja



Mahindi ya Lualaba tunavuna mwezi wa 4 na wa 5. Toka hapo mpaka mavuno mengine ni mwaka muzima, na feza ya mavuno inapaswa kututembeza njia ile yote: bukari, mafuta, chumvi, sabuni, dawa, minervale ya watoto wa sekondere, mbegu na mbolea. Hakuna nyumba yenye kuweza kununua vyote. Basi kuchagua ni lazima, na kuchagua vibaya mwezi wa 6 kunaonekana mwezi wa 1, wakati gala ni tupu na unga uko bei ya juu. Somo la leo ni namna ya kuchagua.

1. Kitu kile kile hakileti faida sawa kila mara

Mutu ametoka shamba na njaa. Sahani ya kwanza ya bukari inamuokoa. Ya pili inamushibisha. Ya tatu anaisukuma pembeni. Bukari haikubadilika, ni hitaji lake njo limepunguka. Vile inakuwa kwa kila kitu: sabuni, nguo, hata mbolea.

Mudachi mumoja, Hermann Heinrich Gossen, aliandika jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1854. Watu hawakukinunua, mpaka yeye mwenyewe akaondoa vitabu vilivyobaki sokoni. Leo wanafunzi wa uchumi wa dunia nzima wanajifunza mawazo yake. Lakini mama wa soko anayajua bila kitabu, tunayaweka tu katika hesabu.

2. Mufano wa hesabu

Tuseme mama mumoja wa Manika ana franka 16.000 kwa siku kidogo. Meka moja ya unga ni 4.000, fungu moja la samaki wa kukausha ni 2.000. Bei hizi ni za mufano, mutaweka za soko lenu. Faida ya kila kitu nyumbani kwake tunaipa pointi, kama mwalimu:

- Unga: meka ya kwanza 40, ya pili 32, ya tatu 24, ya ine 12.
- Samaki: fungu la kwanza 14, la pili 12, la tatu 10, la ine 6.

Ukitazama haraka, unga unashinda kila mara. Lakini meka inakula 4.000 na fungu linakula 2.000 tu. Basi tugawanye pointi kwa kila elfu moja:

- Unga: 10, kisha 8, kisha 6, kisha 3.
- Samaki: 7, kisha 6, kisha 5, kisha 3.

Sasa mama anachukua kile chenye kuleta pointi nyingi kwa elfu moja: unga (10), unga (8), samaki (7), unga (6), samaki (6). Feza imeisha. Amepata meka 3 na mafungu 2, pointi 122. Kama angetia feza yote katika unga, meka 4, angepata 108. Kama angechukua meka 2 na mafungu 4, angepata 114.

Munaona: meka ya mwisho na fungu la mwisho vimeleta pointi sawa kwa elfu moja, 6 na 6. Hiyo njo alama ya kuchagua vizuri. Kama upande mumoja elfu ya mwisho inaleta zaidi, ondoa feza kwa mwingine, peleka pale.

Kwa hiyo usiulize: "Unga na samaki, nini ni ya lazima zaidi?" Uliza: "Elfu moja hii niliyo nayo mukononi, itafanya kazi zaidi wapi?"

3. Bei ikibadilika, hesabu inabadilika

Sehemu kubwa ya unga wa Katanga ya zamani inatoka Zambia. Ukame ulipoharibu mahindi kule, na serikali ya Zambia ikatangaza janga la taifa tarehe 29 Februari 2024, jambo hilo lilikuwa letu pia. Zambia ikivuna kidogo, unga wa kutuuzia unapunguka.

Meka ikitoka 4.000 ikafika 6.000, pointi za unga kwa elfu moja zinashuka. Mama mwenye akili anatafuta kitu cha kushika nafasi: anachanganya unga wa muhogo katika bukari.

Lakini kuna hatari. Mutu mwenye feza kidogo sana, unga ukipanda bei, anaweza kununua unga mwingi zaidi. Anaacha samaki na maharagi kabisa, juu unga njo unabaki kujaza tumbo kwa bei ndogo. Watafiti wawili, Robert Jensen na Nolan Miller, walionyesha jambo hili katika andiko la mwaka 2008. Katika jimbo la Hunan, China, walipunguzia familia maskini bei ya muchele, na familia hizo zikanunua muchele kidogo kuliko mbele. Feza iliyobaki ilienda kwa vyakula vingine.

Kwetu maana yake ni hii: wakati unga uko bei ya juu, mutoto anashiba lakini anakosa chakula cha kujenga mwili. Utapiamulo unaingia pale, na sahani imejaa. Basi muchunge maharagi, karanga na sombe za shamba lenu. Sombe ya kutiwa karanga haiombi feza nyingi.

4. Munununuzi wa Kolwezi naye anahesabu

Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba familia yenye feza kidogo inatia sehemu kubwa zaidi ya feza yake katika chakula. Mwezi wa 2 mwaka 2025 serikali yetu ilisimamisha kupeleka kobalti inje. Mufuko wa mutu wa migodi ukipunguka, anaacha kwanza nyama na kuku. Unga anauacha mwisho. Kwa hiyo kooperative isitie nguvu yote katika zao moja la watu wenye feza. Na tuuze kwa vipimo vidogo pia: mwenye 2.000 mukononi hawezi kununua gunia, lakini ni munununuzi.

5. Shambani ni sheria ile ile

Ire ina azoti 46 kwa 100. Mufuko wa kwanza katika hektari yenye njaa unaongeza mahindi mengi, wa tatu unaongeza kidogo. Ukiwa na mifuko miwili na hektari mbili zilizopaliliwa vizuri, gawanya. Usitie yote upande mumoja. Na kama shamba limejaa majani, elfu inayofuata iende kwanza kwa kupalilia, juu mbolea italisha majani.

Zoezi la mukutano

1. Kila nyumba iandike vitu vitano ilivyonunua mwezi uliopita, na bei yake.
2. Bwana na bibi wapatie pointi kila mutu pembeni, kisha walinganishe. Wasiposikilizana, wazungumuze mbele ya kuenda sokoni.
3. Elfu moja gani ilifanya kazi kidogo kuliko zote? Ingekwenda wapi?
4. Mbele ya kuuza mahindi yote mwezi wa 5: gunia la mwisho mutakalouza, mutalinunua tena kwa bei gani mwezi wa 1? Kama bei hiyo inapita ile ya leo, na gala yenu ni kavu na haina wadudu, gunia hilo libaki nyumbani.