MBINGUNI HAWAULIZI PASPOTI
Somo kwa kijana anayetafuta ukweli

Kijana mpendwa, karatasi hii umepewa bure. Usiikunje ukaitia mfukoni. Isome mpaka mwisho, maana inasema juu ya jambo ambalo pengine hujawahi kulihesabu kuwa ni dhambi. Wizi unajua ni dhambi. Uzinzi unajua. Bangi, ulevi, uongo, hayo yote hata mama alikukataza. Lakini kiburi cha taifa je? Kile cha kusema, "Sisi ndio sisi, wale wa ng'ambo ya mpaka si watu kitu." Hicho nani alikukataza?

Sikiliza maneno ya kijiweni. Mtanzania anasema Mkenya anaabudu pesa. Mkenya anasema Mtanzania amelala. Wote wawili wanamcheka Mrundi kwa lafudhi yake, na Mkongo wanasema kazi yake ni nguo na muziki tu. Watu wanacheka, kahawa inakwisha, wanatawanyika. Utasema, aa, ni utani tu. Sawa, utani mwingine hauna ubaya. Lakini mkimbizi akija kutafuta chumba cha kupanga mtaani kwenu, ule utani unageuka kuwa mlango uliofungwa. Neno la mdomoni limeshuka moyoni, na moyoni ndipo Mungu anapotazama.

1. KIBURI HIKI KINAUA

Unaijua Kariakoo ya Dar es Salaam? Unajua Kariokor ya Nairobi? Watu wananunua na kuuza pale kila siku bila kujua jina limetoka wapi. Limetoka kwenye neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita. Kati ya mwaka 1914 na 1918 Waingereza na Wajerumani walipigana katika ardhi yetu hii. Waafrika walichukuliwa, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na chakula maporini. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na malaria, katika vita isiyowahusu.

Sasa angalia ajabu hii. Nchi zote mbili zilijiita za Kikristo. Kote kengele za kanisa zililia Jumapili. Askari wengi wa Ujerumani walivaa mkanda wenye bamba lililoandikwa kwa lugha yao kwamba Mungu yuko pamoja nao. Na Waingereza nao makanisani mwao waliomba Mungu awape ushindi. Je, Mungu huyo mmoja alikuwa wa nani? Kila taifa lilitaka kumvalisha sare ya jeshi lake.

Hata wamisionari hawakupona. Wajerumani waliwakamata wamisionari wa Kiingereza wakawafunga. Waingereza waliposhinda, wakawaondoa wamisionari wa Kijerumani. Basi nani alibaki kulilisha kundi la Kristo vijijini? Walimu Waafrika! Wale waliokuwa wakiitwa wasaidizi tu ndio waliofundisha, wakaomba na wagonjwa, wakazika wafu. Roho Mtakatifu hakuuliza rangi ya mtu wala bendera yake.

Usidhani ni dhambi ya wazungu peke yao. Mwaka 1994, Rwanda, nchi ambayo wengi wa watu wake walikuwa wamebatizwa, waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa laki nane au zaidi kwa muda wa siku mia moja hivi. Wengi waliuawa ndani ya makanisa walikokimbilia, kama pale Ntarama na Nyamata. Aliyeua na aliyeuawa walijua nyimbo zilezile. Jamani! Maji ya ubatizo yalikuwa yamefika kichwani, lakini damu ya Yesu haikuwa imeruhusiwa kuosha moyo.

2. PETRO NAYE ALIKUWA NA UGONJWA HUU

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 10. Kama huna Biblia, azima. Petro alikuwa mtume. Alikuwa ameponya viwete na kuhubiri maelfu wakaokoka. Lakini alikuwa Myahudi, na alilelewa akijua kwamba nyumba ya mtu wa mataifa haiingiwi. Mungu akamtuma kwa Kornelio. Huyu alikuwa nani? Akida wa jeshi la Rumi, jeshi lililoikalia nchi ya Petro! Ni sawa na kukuambia uende ukale chakula kwa askari wa wakoloni.

Petro alibishana na Mungu katika maono. Mara tatu Mungu akamwonyesha kwamba alichokitakasa Yeye, mwanadamu asikiite najisi. Akaenda. Na kabla hajamaliza mahubiri, Roho Mtakatifu akawashukia wale watu wa mataifa vilevile alivyowashukia Wayahudi siku ya Pentekoste. Hawakupewa Roho wa daraja la pili. Ni Roho yuleyule! Petro mwenyewe akakiri kwamba Mungu hapendelei mtu.

Lakini ugonjwa huu hurudi. Soma Wagalatia 2. Petro huyohuyo, alipofika Antiokia, alikuwa akila pamoja na watu wa mataifa. Wakaja jamaa zake Wayahudi, akaogopa macho yao, akahama meza. Paulo akamkemea mbele ya watu wote. Kwa nini kwa ukali hivyo? Kwa sababu Petro hakuhama meza tu. Alikuwa anatangaza kimyakimya kwamba msalaba haukutosha, kwamba lazima pia uzaliwe kwetu.

3. MLANGO ULIOACHWA WAZI KIDOGO

Mnaosikia habari za uamsho, sikieni na hii. Mwaka 1870 huko Louisiana, Marekani, alizaliwa William Seymour. Wazazi wake walikuwa wametoka utumwani. Alikuwa haoni kwa jicho moja. Alipotaka kusoma Biblia katika shule moja mjini Houston, sheria na desturi za ubaguzi hazikumruhusu mtu mweusi kukaa darasani na wazungu. Basi akasomea nje, ukumbini, akisikiliza kupitia mlango.

Mtu huyo wa nje ya mlango ndiye Mungu aliyemtumia. Mwaka 1906 alikwenda Los Angeles. Ibada zikaanza katika jengo chakavu la mtaa wa Azusa, jengo ambalo lilikuwa limetumika hata kama zizi. Walikuja weusi, walikuja wazungu, walikuja Wameksiko, matajiri na wafagiaji. Wazungu walipiga magoti wakawekewa mikono na mtoto wa watumwa. Katika nchi ya wakati ule hilo lilikuwa jambo la kushangaza kuliko hata kunena kwa lugha. Ibada ziliendelea karibu kila siku kwa miaka mitatu hivi, na kutoka pale watu walikwenda na Injili mpaka Afrika, Asia na Ulaya.

Je, walidumu hivyo? Hapana. Baada ya miaka michache wazungu wengi walijitenga wakaunda makanisa yao. Moto mmoja, lakini kila mtu na jiko lake! Ilichukua muda mrefu mno. Mwezi Oktoba 1994, mjini Memphis, viongozi wa Kipentekoste weupe na weusi walikutana kutubu utengano huo. Mchungaji mzungu alipiga magoti akamwosha miguu askofu mweusi, watu wakalia machozi. Ni mwaka uleule wa Rwanda. Mwaka mmoja, mahali pamoja kiburi kikamwaga damu, mahali pengine kiburi kikawekwa chini ya beseni la maji.

4. BASI, NISIIPENDE NCHI YANGU?

Ipende! Lipa kodi, iombee, itumikie. Paulo alikuwa na uraia wa Rumi, na alipotaka kupigwa mijeledi bila hukumu aliudai uraia wake (Matendo 22). Uraia ni haki na wajibu. Lakini Paulo huyohuyo, alipoandika Wafilipi 3, alihesabu ukoo wake, kabila lake na elimu yake yote kuwa takataka kulinganisha na kumjua Kristo. Aliutumia uraia wake, hakuuabudu.

Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia shule ya sekondari ya Nyange, Rwanda. Wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wa umri wako! Walikataa. Walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Risasi na mabomu vikafuata, na baadhi yao wakauawa. Umeona? Kwa vijana wale jina la taifa lilikuwa paa la kuwafunika wote, halikuwa ukuta wa kuwatenga. Wewe ukisema "mimi ni Mtanzania" au "mimi ni Mkenya", jiulize: ninajenga paa, au ninajenga ukuta?

5. KUNA NA KIBURI KILICHOPINDULIWA

Wako wengine hawajivuni, wanajidharau. Mhubiri akiwa mzungu wanajaa uwanja mzima. Akiwa mtoto wa jirani wanasema, "Huyu si mtoto wa mama muuza maandazi?" Wanadhani maombi ya Kiingereza yanafika haraka. Hiyo nayo ni dhambi ileile, imegeuzwa tu upande. Kumdharau mwanadamu ni kumkosea Muumba wake, hata kama unayemdharau ni wewe mwenyewe.

Soma Matendo 8. Mtu wa Afrika, mkuu wa hazina wa malkia wa Kushi, anabatizwa kabla Biblia haijatusimulia habari za Kornelio Mrumi. Soma Matendo 13, uone viongozi wa kanisa la Antiokia: Barnaba wa kisiwa cha Kipro, Simeoni aliyeitwa Mweusi, Lukio wa Kirene katika Afrika ya Kaskazini, Manaeni aliyelelewa pamoja na mfalme Herode, na Sauli. Wanafunga pamoja, wanaomba pamoja. Hakuna mgeni, hakuna mwenyeji. Ndipo Roho akasema nao.

6. SASA WEWE JE?

Kijana, usawa huu hauletwi na hotuba za viongozi, wala na mechi ya mpira, maana tunakumbatiana dakika moja na kutukanana dakika inayofuata. Unaletwa na msalaba. Pale msalabani Mmarekani anafika akiwa mwenye dhambi. Mchina anafika akiwa mwenye dhambi. Wewe unafika hivyohivyo. Hakuna foleni ya waheshimiwa. Wote tumeanguka (Warumi 3:23), na wote tunainuliwa kwa damu moja. Mtu aliyesamehewa bure atajivunia nini mbele ya mwenzake aliyesamehewa bure?

Na huko tuendako, Yohana aliona mkutano usiohesabika wa watu wa kila taifa, kabila na lugha, wamesimama mbele ya kiti kimoja cha enzi (Ufunuo 7:9). Kama leo huwezi kukaa naye benchi moja, mbinguni utakaa naye vipi?

Jiulize maswali haya ukiwa peke yako, usiku, redio imezimwa:
- Kuna taifa au kabila ambalo likitajwa moyo wangu unakunja uso?
- Mkimbizi au mgeni wa mtaani kwetu, jina lake nalijua?
- Nikifa usiku huu, nitamwambia Mungu mimi ni raia wa wapi?

Kama moyo wako umechomwa, usingoje kesho. Sema maneno haya kwa imani:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimejivuna kwa mambo ambayo sikuyachagua: nchi yangu, kabila langu, rangi yangu. Nimewadharau watu uliowafia. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Nakupokea leo uwe Bwana wa maisha yangu. Unipe moyo wa kumwona ndugu pale nilipomwona mgeni. Amina."

Umeomba kwa kweli? Basi umezaliwa katika familia yenye ndugu Brazili, Korea, Kongo, Burundi, kila mahali. Anza na yule wa karibu. Jumapili hii tafuta kanisa linalohubiri Neno, ingia, na ukiona mgeni amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma, nenda ukakae naye. Halafu mpe karatasi hii mtu mwingine, hasa yule uliyekuwa ukimcheka.

Mungu akubariki.