Taa ya Oili Hupima Nini?

Dereva anapofungua swichi ya gari kabla ya kuwasha injini, taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili huwaka mbele yake. Injini ikishanguruma, taa huzimika. Madereva wengi huichukulia taa hiyo kuwa mlinzi wa kiasi cha oili: maadamu haijawaka, oili ipo ya kutosha. Sivyo. Taa hiyo haijui kama oili ni nyingi au ni kidogo, wala kama ni safi au chafu. Inajua jambo moja tu, nalo ni kanieneo, yaani nguvu ambayo oili hutumia kusukuma kila kipande cha eneo inachokigusa. Kutotofautisha kanieneo, kiasi na ubora kumewagharimu wengi injini zao.

Kanieneo hutoka wapi

Ndani ya injini shafti kuu huzunguka katika beringi zake mara elfu kadhaa kwa dakika. Kati ya chuma na chuma mna nafasi ndogo mno, sehemu chache za mia za milimita, na nafasi hiyo hujazwa oili. Shafti inapozunguka haigusi beringi. Huelea juu ya utando wa oili. Utando huo ukikatika, chuma husuguana na chuma, joto hupanda ghafla, na baada ya muda mfupi beringi huungua au hung'ang'ania shafti.

Oili hufikishwa huko na pampu, ambayo huifyonza kutoka katika sampu iliyo chini ya injini, ikaipitisha kwenye filta na kuisukuma katika njia nyembamba. Yafaa wanafunzi waelewe kwamba pampu peke yake haizalishi kanieneo, huzalisha mtiririko. Kanieneo hutokea kwa kuwa mtiririko huo hukutana na ukinzani wa nafasi nyembamba. Mpira wa kumwagilia bustani ni mfano mzuri: maji hutoka kwa ulegevu mpaka mtu aubane mdomo wake kwa kidole gumba. Hivyo basi, beringi zikilika na nafasi zikapanuka, au oili ikipungua mnato kwa sababu ya joto kali ama kwa kuchanganyika na petroli, kanieneo hushuka ingawa sampu imejaa.

Kitambuzi cha kanieneo katika magari mengi ni kifaa sahili kilichokazwa ubavuni mwa injini. Ndani yake mna kiwambo chembamba: upande mmoja huguswa na oili, upande wa pili husukumwa na springi. Injini ikiwa imezimwa, springi hukutanisha ncha mbili za umeme, mkondo hupita kwenda kwenye bodi ya gari, na taa huwaka. Oili ikianza kusukuma, kiwambo hujipinda, ncha huachana na taa huzimika. Ndiyo maana taa isiyowaka kabisa wakati swichi inapofunguliwa si dalili njema: huenda balbu imeungua au waya umekatika, na mlinzi amelala.

Swichi nyingi za namna hii katika magari madogo huachanisha ncha zake kwenye kanieneo ya kilopaskali 30 hadi 50 hivi. Lakini injini nzima yenye joto la kawaida, ikienda kwa mwendo wa barabara kuu, aghalabu hufanya kazi kwa kilopaskali 200 hadi 400. Hapo pana pengo kubwa. Kanieneo yaweza kushuka hadi 100, beringi zikaanza kuumia, na taa ikabaki kimya. Kwa sababu hiyo baadhi ya watengenezaji huweka swichi ya pili, ambayo husikilizwa tu injini inapozunguka kwa kasi. Wengine huweka geji, ambamo kiwambo husogeza mkono mdogo juu ya waya wenye ukinzani, na mshale ukapanda au kushuka kulingana na mkondo unaopita.

Ichukuliwe sasa injini inayobeba lita 4 za oili. Ikipoteza lita 1, pampu bado hufyonza oili isiyo na hewa, na kanieneo haibadiliki sana. Taa haisemi neno. Oili ikizidi kupungua, taa huanza kumetameta gari linapokata kona au kufunga breki, kwa kuwa oili kidogo iliyosalia imekimbilia upande mmoja na mdomo wa pampu umevuta hewa. Wakati huo hapana budi kulisimamisha gari mahali salama na kuzima injini papo hapo. Kulipeleka gereji polepole ni kuimaliza.

Kiasi hupimwa kwa kijiti, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika chache. Kuna pia vitambuzi vya kiasi. Kimojawapo hutumia waya mwembamba unaopashwa joto kwa umeme: sehemu iliyozama katika oili hupoa upesi kuliko iliyo hewani, na kwa kuwa ukinzani wa waya hubadilika pamoja na joto, umeme huweza kueleza waya umezama kiasi gani. Taa ya kitambuzi cha kiasi kwa kawaida ni ya manjano, si nyekundu.

Kikumbusho hukisia

Kikumbusho cha kubadilisha oili ni jambo jingine kabisa. Namna iliyo rahisi huhesabu kilomita tu, sawa na kadi ambayo fundi huitundika karibu na usukani. Lakini kilomita hudanganya. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, humaliza kilomita 5,000 kwa saa 62.5 na mizunguko milioni 7.5. Gari la mjini linalokwenda kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, injini ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, huhitaji saa 250 na mizunguko milioni 18 kwa umbali ule ule.

Mwaka 1987 Shirley Schwartz na Donald Smolenski, watafiti wa General Motors nchini Marekani, walichapisha maelezo ya mfumo uliotumia wazo hilo. Kompyuta ya gari huhesabu mizunguko ya injini na kuangalia joto la oili. Joto likizidi, mizunguko huhesabiwa kwa uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa oksijeni hushambulia oili upesi na viungo vya kemikali vilivyotiwa ndani yake huisha. Oili ikiwa baridi mno pia uzito huongezwa, kwa sababu safari fupi huacha maji na petroli ndani ya oili bila kuyavukiza. Akiba ya mizunguko ikipungua, dereva huonyeshwa asilimia ya maisha ya oili iliyobaki.

Mfumo huo ni wa busara, ila hauigusi oili hata kidogo. Hauoni vumbi la barabara ya udongo lililopenya kwenye filta mbovu ya hewa, wala hautambui oili ya daraja duni. Fundi akibadilisha oili bila kurudisha hesabu mwanzo, hudai oili mpya imechoka. Akirudisha hesabu bila kubadilisha oili, hudai oili kuukuu ni mpya. Mtu anayenunua gari lililokwisha kutumika asiiamini asilimia anayoikuta.

Vipo vitambuzi vinavyoigusa oili yenyewe. Sahani mbili za metali huzamishwa humo zikawa kapasita, na oili ikawa kihami kati yake. Kigezo cha dielektriki cha oili safi ni zaidi kidogo ya 2, ilhali cha maji ni karibu 80. Maji kidogo, masizi au mazao ya uoksidishaji hukipandisha, na kompyuta hutambua badiliko hilo.

Jaribio la darasani

Tone moja la oili lichukuliwe kwa kijiti kutoka katika injini yenye vuguvugu, lidondoshwe juu ya karatasi ya chujio na kuachwa usiku kucha. Tone la oili mpya liwekwe kando yake kwa kulinganisha. Masizi yakisambaa taratibu mpaka pembeni, viungo vya kusafishia bado vinafanya kazi. Doa jeusi tii lililojikusanya katikati, lenye ukingo mkali, huonyesha kwamba vimechoka. Rangi nyeusi peke yake si ushahidi, kwani oili ya injini ya dizeli huweza kuwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Oili iliyotumika hudhuru ngozi. Mikono ioshwe kwa sabuni, na mabaki yasimwagwe ardhini.