SOMO LA AFYA: DAWA YA PRESHA HAIACHWI

Shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita presha, mara nyingi halina dalili. Mzee anaweza kula na kulala vizuri, huku presha ikiharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo. Hujulikana kwa kupimwa tu. Ikiwa 140/90 au zaidi katika vipimo vya siku mbalimbali, ni presha ya juu.

Kosa kubwa ni kuacha dawa ukijisikia nafuu. Dawa huishusha presha, haiimalizi. Ukiiacha, presha hupanda tena.

Zingatia haya:

1. Meza dawa kila siku kama ulivyoelekezwa. Rudi zahanati na kadi yako kabla dawa hazijaisha.

2. Usigawane dawa na jirani wala usiziuze. Dawa ya mwenzako inaweza kukudhuru.

3. Punguza chumvi. Ya siku nzima isifike kijiko cha chai kilichojaa, pamoja na iliyomo katika samaki wa chumvi.

4. Ukiamka, kaa kwanza kitandani, kisha simama polepole. Ukipata kizunguzungu, mwambie mganga. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

5. Ukihama au kurudi nyumbani, omba dawa za safari na uchukue kadi.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja, hata usiku.

Nawe kijana, mkumbushe babu na bibi dawa zao.